Alitemwa New York, Akaibukia Suswa: Historia ya Stima ya DC

Unaikumbuka ile Ijumaa ya Septemba 6, 2024? Saa tatu asubuhi ilikuwa haijagonga, stima ikapotea sehemu kubwa ya Kenya. Lawama zikaruka mtandaoni. Lakini mmoja wa wahusika ana historia ndefu kuliko sisi sote: DC, umeme unaoenda upande mmoja tu, kama wa betri.

Mwanzoni DC alikuwa staa. Mwaka 1882, mvumbuzi mmoja tajiri wa Marekani alifungua kituo chake New York. Shida ni kwamba DC hakufika mbali. Hakukuwa na njia rahisi ya kumpandisha volti, na volti zikiwa chini, stima nyingi hupotelea njiani kama joto. AC, anayegeuka huku na huku, alipandishwa kwa transfoma na kusafiri. DC akatemwa.

Aliyemrudisha ni injinia wa Sweden aliyehangaika zaidi ya miaka 20 na vali za zebaki, za kugeuza AC kuwa DC kwa volti kubwa. Mwaka 1954, kebo ya karibu kilomita 100 chini ya bahari ikapeleka megawati 20 kisiwani Gotland.

Kumbe kwa safari ndefu, DC hupoteza stima kidogo. Tena huunganisha gridi mbili bila kuzilazimisha kwenda hatua moja. Ndiyo maana kati ya Ethiopia na Kenya ikajengwa laini ya DC: kilovolti 500, kilomita 1,045 kutoka Wolayta Sodo hadi Suswa, uwezo wa megawati 2,000. Novemba 2022, Kenya ikaanza kununua megawati 200.

Sasa, sisi huuliza laini inabeba kiasi gani. Mafundi wa gridi huuliza: ikizima ghafla, nani atabaki amesimama?

Asubuhi ile, kwa maelezo ya Wizara ya Kawi, laini ya Loiyangalani ilizima pale Suswa ikiwa na megawati 288 za upepo wa Turkana. Kisha laini ya Ethiopia ikafuata na 200 zake. Jumla 488, kama asilimia 27.3 ya mahitaji. Ni kama watu wanne wamebeba kochi kwenye ngazi, mmoja akaachia. Mashine zilizobaki zinalemewa, mwendo unashuka chini ya hezi 50, nazo zinajizima zisiharibike.

Na cheki hii: laini zote mbili zinaishia Suswa. Isitoshe, mitambo ya DC ya aina iliyoko pale hutegemea AC inayoizunguka iwe imetulia. AC akiyumba, DC naye anaweza kuanguka. Kwa hiyo ile 2,000 ni uwezo wa laini. Kiasi salama ni kile ambacho gridi yenu inaweza kukipoteza kwa sekunde moja na bado isimame.

Siku wakitangaza megawati zaidi, usishangilie namba tu. Uliza akiba iko wapi.

Wewe stima ilikupotea ukiwa wapi? Tuambie hapo chini.