Mbwa wa makaratasi na mbwa shenzi

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, kazi za gazeti si mnazijua. Leo nina historia ya mbwa. Usicheke kwanza ndugu msomaji, twende taratibu.

Hivi karibuni nilikuwa Kahama nikifuatilia habari ya ulinzi wa nyumba za biashara. Jamaa mmoja anayefuga Jemani Shepadi akanionyesha watoto wanne, bei laki sita kila mmoja. Alipoona nimeshtuka akafungua faili: jina la baba, jina la mama, babu na bibi, tarehe za chanjo. Akasema, "Mwandishi, hawa wana makaratasi. Siyo hizo shenzi zenu za Segese."

Nilicheka, lakini neno lile liliniganda.

Nyumbani Segese tulikuwa na Popi (nusu ya mbwa wa Tanzania wanaitwa Popi, nusu nyingine Simba). Rangi ya udongo, kifua cheupe, masikio wima, mkia umejikunja juu ya mgongo. Mchana alikwenda na sisi machungani, usiku alilala mlangoni mwa zizi. Nikiwa darasa la tano, mtoto wa kitongoji cha jirani aling'atwa na mbwa. Siku chache baadaye walipita watu wenye bunduki kuua mbwa wazururaji. Popi alikuwa njiani akirudi na ng'ombe. Hakuwa na kola wala cheti, basi akahesabiwa mzururaji. Nilimfukia mwenyewe nyuma ya zizi. Babu alisema tu, "Ungekuwa na karatasi ungewaonyesha."

Kwa hiyo niliporudi kutoka Kahama nikaanza kuchimba. Haya makaratasi yalianza lini?

Kumbe si ya zamani kama tunavyodhani. Kennel Club ya Uingereza, iliyoanza kuweka daftari la koo za mbwa, iliundwa mwaka 1873. Na huyo Jemani Shepadi wa laki sita? Mwaka 1899 ofisa wa jeshi la Ujerumani, Max von Stephanitz, alimwona kwenye maonyesho mbwa mmoja wa kuchungia kondoo. Akampenda, akamnunua, akampa jina jipya la Horand von Grafrath na kumwandika wa kwanza kwenye daftari la chama chake. Kabla ya hapo mbwa wa aina ile walikuwa wachungaji wa vijijini, kazi yao moja na ya Popi.

Lakini kilichonikalisha chini ni mbwa mwingine. Huko Ulaya na Marekani kuna mbwa wa makaratasi anaitwa Basenji. Masikio wima, mkia umejikunja, kifua cheupe. Nilipoona picha nilimwona Popi! Sisemi walikuwa ukoo mmoja. Basenji alitoka Kongo, habweki kama mbwa wengine, na wawindaji wa huko humfunga njuga ya mti shingoni ili wajue yuko wapi porini.

Na jina lake? Ni neno la Kilingala, ndugu moja na "washenzi" wa Kiswahili. Waungwana wa pwani waliwaita hivyo watu wa bara, wakiwemo wazee wetu wa Unyamwezi na Usukuma, wale wale waliobeba mizigo ya misafara kutoka Tabora hadi Ujiji na ng'ambo ya Tanganyika. Kule Kongo wakoloni wa Kibelgiji nao wakawaita wanakijiji "basenji". Mbwa wao akawa mbwa wa washenzi. Tusi lile lile la jamaa wa Kahama!

Basenji wawili walionyeshwa Crufts, London, mwaka 1895, wakafa muda mfupi baadaye kwa ugonjwa wa distempa. Mama mmoja Mwingereza, Olivia Burn, ndiye aliyefanikiwa kuwatunza na kuwazalisha. Alipowaleta Crufts mwaka 1937 watu walijazana kuwatazama. Leo Basenji ana vyeti, ana mashindano ya urembo, na ana mchezo wa mbio: wanamfukuzisha mfuko wa plastiki unaovutwa kwa kamba uwanjani, mahali pa mnyama wa porini.

Sasa sikiliza hapa. Kwa kuwa walianza na mbwa wachache sana, magonjwa ya kurithi yakawasumbua, hasa ya figo. Wafugaji wa Kimarekani wakafanyaje? Mwaka 1987 na 1988 walifunga safari hadi Zaire, wakaingia vijijini kutafuta mbwa wasio na karatasi hata moja. Mwaka 1990 daftari la Marekani likafunguliwa ili mbwa hao waandikwe. Ukoo wa makaratasi ulikwenda kuomba damu kwa washenzi.

Hoja yangu ni hii. Kinachomtenganisha mbwa wa laki sita na Popi ni mtu aliyeamua kumwandika na kumtunza. Na kutomwandika kuna gharama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wakiwa Afrika na Asia, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakatika. Kuwapiga risasi hakuukati. Lakini nani atatoka na mbwa wake kwenda kwenye chanjo kama mwenyewe anamwita shenzi?

Wiki iliyopita mdogo wangu kanipigia simu, jike la jirani limezaa na katuwekea mtoto mmoja. Nimemwambia anunue daftari dukani. Ukurasa wa kwanza aandike jina, tarehe ya kuzaliwa, mama yake ni wa nyumba gani, na nafasi ya kuandika chanjo.

Jina bado tunabishana. Mdogo wangu anataka Popi.