Safari ya Jumla, Si Kifurushi

Mwezi uliopita nililetewa rasimu ya faharasa ya istilahi za utalii niipitie. Kwenye herufi L nikakuta "likizo ya kifurushi", na mbele yake maelezo haya: safari ambayo mteja hulipa bei moja kwa usafiri, malazi na huduma nyingine. Nikakata kwa wino mwekundu, nikaandika pembeni "safari ya jumla". Rasimu imerudi na kifurushi chake kilekile, pamoja na kijibarua kinachosema wanakamati wameridhia matumizi yaliyokwisha kuenea. Mimi sijaridhia. Nimefasiri mikataba ya safari kwa miaka 19, na katika kikao kile hakuwapo hata mmoja aliyewahi kufasiri mmoja.

Furushi ni mzigo uliofungwa ndani ya nguo. Anayeuona haoni kilichomo. Huona fundo na uzito. Kuliita jambo la kibiashara kwa jina la kitu kilichofichwa ni kosa la kwanza. La pili ni kwamba neno lenyewe lina mwenyewe. Makampuni ya simu yamekwisha kulichukua: kifurushi cha siku, kifurushi cha wiki, cha dakika na cha intaneti, nacho kinaisha muda wake ukifika hata kama hukukimaliza. Mwambie mtu wa Temeke au Likoni kwamba umenunua kifurushi cha wiki, uone kama atafikiria likizo ya skii katika milima ya Alps na theluji yake.

Wapo waliojaribu kukwepa kifurushi wakaangukia "likizo jumuishi". Hawa nao hawakusikiliza lugha. Jumuishi imekwisha kupewa kazi katika elimu jumuishi, ile inayompa nafasi mtoto mwenye ulemavu darasa moja na wenzake, na likizo jumuishi ingepaswa kumaanisha hivyo hivyo: mapumziko ambayo hata asiyeona au anayetumia kiti cha magurudumu anaweza kwenda. Likizo za namna hiyo zipo, hata za skii, na zinastahili jina lao. Tusizinyang'anye.

Mwenzangu mmoja, mjuzi wa ushairi, alileta pendekezo ambalo nusura linishinde: "fungate ya theluji". Hoja yake ilikuwa nzuri. Safari za skii zinazouzwa Uingereza kwa bei moja kwa kawaida ni usiku saba, Jumamosi hadi Jumamosi, na fungate asili yake ni saba. Washambaa na Wapare hadi leo huhesabu mfungate, Wamijikenda husema fungahe; ni sisi wa pwani tuliopokea sita, saba na tisa kutoka Kiarabu, tukaiachia fungate zile siku saba za bwana na bibi harusi. Napenda neno hili kuliko ninavyoweza kueleza hapa. Lakini harusi imelishika na haitaliachia, na isitoshe idadi ya siku siyo kiini cha jambo. Safari ya usiku tatu au nne nayo huuzwa kwa bei moja, na sheria huihesabu sawa na ya saba.

Kiini ni jumla. Mzizi wake wa Kiarabu ni jim, mim na lam, na haifai kuuchanganya na jim, mim na ain uliotupa jamaa, jamii, Ijumaa na hiyo jumuishi. Waarabu huita jumla hata sentensi, kwa sababu maneno yamekusanywa yakatoa maana moja. Sisi tukalipeleka neno dukani na darasani: bei ya jumla, jumla ya hesabu, kujumlisha. Kifurushi kinatoa kitenzi gani? Na mwenza wake ni nani? Jumla ina mwenza tangu zamani, naye ni rejareja. Anayenunua tiketi ya ndege mahali pake, chumba mahali pake na pasi ya lifti mahali pake, amenunua safari ya rejareja, na mtoto aliyewahi kutumwa dukani kununua robo ya sukari ataelewa bila faharasa.

Historia nayo iko upande wangu. Mwaka 1932 Erna Low, binti wa Vienna aliyekuwa akisoma London, aliweka tangazo katika gazeti la Morning Post akiwaalika watu kwenda Austria kwa wiki mbili, pauni 15. Mwaka 1950 Vladimir Raitz aliwarusha Waingereza hadi Calvi, kisiwani Corsica, kwa pauni 32 na shilingi 10, ndege, hema na chakula ndani ya bei hiyo. Hawakuuza furushi. Walinunua viti na vitanda kwa jumla, wakatoa hesabu moja. Mahujaji wetu pia wanaijua biashara hii: tiketi, viza, malazi ya Makka na Madina, na kiongozi wa msafara, vyote vikilipiwa kwa mkono mmoja.

Nimepingwa kwamba safari nyingi za jumla za skii hazina pasi ya lifti wala gharama za kukodi skii na viatu, kwa hiyo si jumla. Pingamizi hili ni la mtu asiyesoma sheria. Kanuni za Uingereza za mwaka 2018, zilizofuata agizo la Umoja wa Ulaya la 2015, zinataka huduma za aina mbili tu, mathalani ndege na chumba, ziuzwe pamoja kwa safari moja. Kinachojumlishwa ni dhima: muuzaji mmoja anawajibika kwa yote aliyoyauza. Ufaransa ilipofunga vituo vyake vya skii kwa sababu ya korona usiku wa tarehe 14 Machi 2020, aliyekuwa hajaondoka na aliyenunua kwa jumla alikuwa na haki ya kisheria ya kurudishiwa fedha zake ndani ya siku 14. Wa rejareja alibaki kubishana na mwenye chumba peke yake, huku shirika la ndege likiweza kumwambia kwamba ndege iko, apande. Inayobeba kila kitu, lifti na mwalimu wakiwemo, kama kampuni ya Club Med inavyouza tangu ilipofungua kijiji chake cha kwanza cha theluji huko Leysin, Uswisi, mwaka 1956, iitwe jumla kamili.

Kuhusu matumizi: safari ya jumla, wingi safari za jumla, muuzaji ni wakala wa jumla. Mwenye gari lake na tarehe huru mara nyingi hufaidi rejareja. Anayeruka kwa ndege wakati shule zimefungwa hufaidi jumla, maana wakala alivinunua viti mapema kabla bei haijapanda.

Mpwa wangu anaishi Leicester, na Februari anataka kuwapeleka wanawe wawili kuteleza kwa skii huko Morzine, Ufaransa. Alinipigia simu kuniuliza kama saa moja na nusu zatosha kutoka uwanja wa Geneva kwa basi. Nikamwambia zatosha, theluji ikiruhusu. "Basi mjomba, nakutumia hesabu yangu uiangalie," akasema. Ilikuwa picha ya ukurasa wa daftari uliogawanywa kwa mstari. Upande wa kulia ndege, mzigo wa skii, basi, chumba, pasi ya lifti, kukodi viatu, mwalimu wa watoto, bima, kila kimoja na bei yake. Upande wa kushoto bei moja ya wakala, na chini yake, kwa herufi ndogo, vile ambavyo wakala hakuviweka. Sikuwa nimemwambia neno kuhusu faharasa wala kamati. Juu ya upande mmoja alikuwa ameandika Jumla, na juu ya wa pili Rejareja.