Rowan Atkinson: mhandisi aliyejenga kicheko kisichohitaji mkalimani

Mwaka 1987 waandaaji wa tamasha la vichekesho la Just for Laughs, jijini Montreal nchini Kanada, walipata ombi lililowaacha vinywa wazi. Mchekeshaji Mwingereza, aliyekwisha kuwa na jina kubwa nyumbani kwao, hakutaka kupangwa pamoja na wenzake wa Kiingereza. Alitaka apangwe kwenye maonyesho ya Kifaransa, ilhali onyesho lake halikuwa na hata neno moja la Kifaransa. Waandaaji hawakuelewa anataka nini.

Rowan Atkinson alikuwa akifanya jaribio. Alikuwa na mhusika mpya asiyesema karibu chochote, naye alitaka kujua kama mtu huyo angewachekesha watazamaji wasiotegemea Kiingereza. Jaribio lilifaulu. Miaka mitatu baadaye mhusika yule aliingia kwenye runinga za Uingereza kwa jina la Mr. Bean, na kutoka hapo akaenea duniani kote. Afrika Mashariki tumemtazama sebuleni, kwenye vibanda vya video na ndani ya mabasi ya masafa marefu, watoto na wazee wakishika mbavu pamoja.

Wengi wetu tuliokua tukimtazama tuliamini kwamba yule bwana alizaliwa hivyo, na kwamba uso ule wa kutanuka kama mpira ulimaliza kazi yote. Historia yake inasema vingine. Nyuma ya yule mjinga wa kwenye skrini yumo fundi makini, aliyejenga ucheshi wake kwa hesabu na kwa subira ambayo wasanii wachache sana wamekuwa nayo.

Mtoto wa Consett

Rowan Sebastian Atkinson alizaliwa tarehe 6 Januari 1955 huko Consett, kaskazini mashariki mwa Uingereza, katika eneo la Durham. Baba yake, Eric, alikuwa mkulima mwenye kampuni, na Rowan alikuwa kitinda mimba wa nyumba hiyo. Alisoma Durham Choristers School, shule aliyopitia pia Tony Blair, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza. Kisha akaenda shule ya bweni ya St Bees.

Mambo mawili ya ujana wake yanaeleza mengi yaliyofuata. La kwanza ni kigugumizi. Atkinson amekuwa nacho tangu utotoni, na herufi B ilimsumbua kuliko nyingine. Alijifunza kuikabili kwa kuitamka kwa nguvu kupita kiasi, akiusukuma mlipuko wa midomo mpaka neno linatoka likiwa zima. Aligundua pia kwamba kigugumizi humpungua anapoigiza, yaani anapozungumza kwa mdomo wa mtu mwingine.

La pili ni kuvutiwa kwake na Jacques Tati, mwigizaji na mwongozaji wa Ufaransa aliyemuumba Bwana Hulot, mwanamume mrefu asiyesema sana anayevuruga kila mahali anapopita bila kukusudia. Atkinson amekiri mara nyingi kwamba Hulot ndiye babu wa Mr. Bean.

Hata hivyo, masomoni alishika njia nyingine kabisa. Alichukua shahada ya uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Newcastle, kisha mwaka 1975 akajiunga na chuo cha The Queen's College, Oxford, kwa shahada ya uzamili. Alisomea mifumo ya udhibiti, taaluma ya kufanya mitambo ijipime na kujirekebisha yenyewe.

Kioo cha Oxford

Oxford ndiko alikokutana na vijana wawili walioandamana naye katika sehemu kubwa ya safari yake: Richard Curtis, mwandishi, na Howard Goodall, mtunzi wa muziki. Atkinson amesimulia kwamba alitakiwa kutoa igizo fupi la chuoni naye hakuwa na kitu mkononi. Akasimama mbele ya kioo, akaanza kuchezesha uso. Humo akatokea mtu wa ajabu ambaye hakuhitaji kusema neno. Mbegu ya Mr. Bean ilipandwa siku hizo, ingawa mavuno yalikuwa bado mbali.

Mwaka 1976 walikwenda kwenye tamasha la Edinburgh na watu wakaanza kumtambua. Mwaka 1979 alishiriki The Secret Policeman's Ball, onyesho la kuchangia shirika la Amnesty International, akiigiza mwalimu mkali anayeita majina ya wanafunzi darasani. Majina yenyewe yalikuwa ya kuchekesha, lakini watazamaji walivunjwa mbavu na namna alivyoyatamka, herufi moja baada ya nyingine, kwa dharau iliyopimwa.

Mwaka huohuo BBC ikaanza kurusha Not the Nine O'Clock News, kipindi cha kejeli juu ya siasa na habari za siku, kilichotayarishwa na John Lloyd. Atkinson alikuwa pamoja na Mel Smith, Griff Rhys Jones na Pamela Stephenson. Kipindi kilidumu hadi 1982, kikapata tuzo za BAFTA na Emmy ya Kimataifa, na yule mwanafunzi wa uhandisi akawa nyota wa taifa.

Ulimi mkali wa Blackadder

Anayemjua Atkinson kwa Mr. Bean pekee hushangaa kusikia kwamba Waingereza wengi wanampenda kwanza kwa maneno yake. Tamthilia ya vichekesho ya Blackadder ilianza mwaka 1983 na ikawa na misimu minne, kila mmoja katika zama zake: Enzi za Kati, utawala wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, siku za Mwanamfalme aliyetawala kwa niaba ya mfalme mgonjwa, na mwisho Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Edmund Blackadder alikuwa mjanja mwenye ulimi wa wembe, amezungukwa na wapumbavu, akiwemo mtumishi wake Baldrick aliyeigizwa na Tony Robinson. Stephen Fry na Hugh Laurie walikuwemo pia.

Msimu wa kwanza Atkinson aliuandika pamoja na Curtis. Kuanzia wa pili, mwaka 1986, alimwachia Ben Elton kalamu, yeye akabaki na uigizaji. Hapo ule udhaifu wa zamani ukageuka silaha. Katika msimu huo yumo msichana aliyejivika uanaume na kujiita Bob. Kila Atkinson alipolitamka jina hilo, ile B ililipuka kwa namna iliyoifanya hadhira icheke kabla sentensi haijakamilika. Herufi iliyomtesa shuleni ilikuwa sasa inamlipa.

Sehemu ya mwisho ilirushwa Novemba 1989. Askari wanatoka kwenye handaki kuelekea bunduki za adui, na ucheshi unazimika kwenye vumbi la uwanja wa vita. Hadi leo Waingereza wanaihesabu miongoni mwa nyakati kuu za runinga yao.

Mtu asiyesema

Miezi miwili baadaye, tarehe 1 Januari 1990, kituo cha ITV kilirusha sehemu ya kwanza ya Mr. Bean. Jina lenyewe lilichelewa kuamuliwa. Waliwaza majina kadhaa ya mboga, likiwemo la koliflawa, kabla ya kutulia kwenye maharage.

Tazama sehemu hiyo ya kwanza jinsi ilivyoundwa. Ufukweni, Bean anataka kuvaa nguo ya kuogelea bila kuvua suruali kwanza, kwa sababu jirani yake amekaa hatua chache tu. Anahangaika, anajipindapinda, mpaka anafaulu, na ndipo tunagundua kwamba jirani haoni. Kanisani, anapiga chafya na hana leso, basi anatafuta njia ya kujifuta bila waumini kumwona, kisha usingizi unamshika. Haya si mambo ya Uingereza peke yake. Aibu ya kuvua nguo mbele za watu inajulikana Tanga na Tokyo. Usingizi wa ibadani unamjua Mkristo na Mwislamu. Atkinson alichagua yale yanayompata kila binadamu, akamweka ndani yake mtu anayeyatatua kwa akili ya mtoto wa miaka tisa aliyenaswa katika mwili wa mtu mzima.

Kila kitu kilipimwa. Koti lilelile la kahawia, tai nyekundu, dubu wa kitambaa anayemtendea kama ndugu, na kigari cha Mini kinachofungwa kwa kufuli mlangoni. Goodall alitunga muziki wa mwanzo unaoimbwa kwa Kilatini na kwaya, kana kwamba tunamshuhudia mtakatifu akishuka. Kipindi kilishinda Rose d'Or, yaani Waridi la Dhahabu la Montreux, mwaka huohuo wa 1990. Sehemu moja ya mwaka 1992 ilitazamwa na Waingereza zaidi ya milioni 18, na kipindi kikauzwa katika nchi na maeneo zaidi ya 190.

Wasanii wetu wakubwa wa vichekesho wamesimama juu ya ulimi. Mzee Ojwang wa Vitimbi nchini Kenya alijengwa na lafudhi yake. King Majuto wa Tanga alikuwa na mipasho na maneno ambayo Mtanzania akiyasikia tu anaanza kucheka. Huo ni utajiri mkubwa, lakini ni utajiri unaokomea pale Kiswahili kinapokomea. Filamu za kigeni nazo, ili zieleweke kwenye vibanda vya Dar es Salaam, zilihitaji mtafsiri kama marehemu Lufufu azisimulie upya kwa Kiswahili. Mr. Bean hakumhitaji yeyote. Alichokitafuta Atkinson kule Montreal ndicho kilichomfikisha kwetu.

Kutoka Hollywood hadi anga la Kenya

Miaka ya 1990 ilimpeleka Hollywood. Mwaka 1994 alikuwa kasisi anayekosea maneno ya kiapo katika Four Weddings and a Funeral, filamu iliyoandikwa na Curtis. Mwaka huohuo alitoa sauti ya Zazu, ndege mshauri wa mfalme katika The Lion King, filamu iliyosheheni majina ya Kiswahili: Simba, Rafiki, Pumbaa. Filamu ya kwanza ya Bean, ya mwaka 1997, iliongozwa na mwenzake wa zamani Mel Smith na ikaingiza zaidi ya dola milioni 200.

Machi 2001 jina lake likahusishwa na Kenya kwa njia ambayo hakuna mwandishi wa vichekesho angethubutu kuibuni. Akiwa mapumzikoni na familia yake, walikuwa wakiruka kwa ndege ndogo kutoka Ukunda, pwani, kwenda uwanja wa Wilson jijini Nairobi. Rubani akazimia. Atkinson, ambaye hakuwa rubani, alishika usukani na kuizuia ndege isianguke hadi rubani alipopata fahamu na kuitua salama. Mtu ambaye skrini ilimzoesha kuharibu kila anachokigusa alitulia pale ambapo kosa moja lingeua familia nzima.

Baada ya hapo alimwigiza jasusi asiyejiweza katika filamu tatu za Johnny English, za 2003, 2011 na 2018. Alicheza Fagin katika Oliver! jukwaani London mwaka 2009, na mwaka 2016 akavaa koti la mpelelezi Maigret katika tamthilia ya ITV isiyo na kichekesho, akithibitisha kwamba utulivu wake una uzito hata bila mzaha.

Mnyamavu aliyetetea usemi

Nje ya jukwaa, Atkinson si mtu wa kelele, na mahojiano hayapendi. Lakini serikali ya Uingereza ilipopendekeza sheria ya chuki za kidini, alikuwa miongoni mwa sauti za mbele kuonya kwamba ingewaziba wasanii mdomo. Mwaka 2006 serikali ilishindwa bungeni na sheria ikapita ikiwa imelegezwa. Mwaka 2012 akajiunga na kampeni ya kuondoa kosa la kutumia maneno ya matusi katika kifungu cha 5 cha sheria ya utulivu wa umma, na mwaka uliofuata Bunge likakubali. Aliyepata umaarufu kwa kunyamaza alijua thamani ya neno, pengine kwa sababu kila neno kwake limekuwa na gharama.

Julai 2012, kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya London, alikaa na London Symphony Orchestra iliyoongozwa na Simon Rattle, akibonyeza noti moja ileile ya kinanda kwa uchovu wa mtu aliyechoshwa na kazi. Uwanja mzima ulicheka, na dunia pamoja nao. Mwaka 2013 akatunukiwa nishani ya CBE.

Yeye mwenyewe amesema wazi kwamba kumwigiza Bean kunamchosha na kumpa msongo, kwa sababu mzigo wote wa kuchekesha unamwangukia mtu mmoja. Mwenye kusema anaweza kuokolewa na mwenzake au na mstari mzuri wa mwandishi. Asiyesema hana pa kujificha, kwani nyusi ikipanda mapema kidogo tu, kichekesho kimekufa.

Ndiyo maana namba mbili katika maisha yake zinastahili kuzingatiwa na kila kijana wa Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa anayetaka kuchekesha. Tangu Atkinson asimame mbele ya kile kioo cha Oxford hadi Mr. Bean alipoingia runingani, ilipita zaidi ya miaka 10. Na tangu 1990 hadi kipindi kilipokoma mwaka 1995, zilitengenezwa sehemu 15 tu. Leo simu zinadai klipu mpya kila asubuhi, na wasanii wetu wanakimbizana nazo mpaka pumzi inakata. Atkinson alitoa kidogo, akakichonga mpaka hakikubaki cha kuondoa, na kidogo hicho kinafuatwa na zaidi ya watu milioni 100 kwenye ukurasa wa Facebook wa Mr. Bean, wakiwemo wasiojua Kiingereza na wengine ambao hawakuwa wamezaliwa kilipotengenezwa.