Tenisi ya Kompyuta ni Mali ya Nani?

Swali hili lilifika mahakamani Marekani, na jibu lake bado linawahusu wote wanaotunga sera za utafiti wa umma.

Oktoba 1958, maabara ya taifa ya Brookhaven, katika jimbo la New York, ilikaribisha wananchi kuitembelea. Mwanafizikia William Higinbotham, aliyeshughulikia mitambo ya elektroniki ya bomu la kwanza la atomiki na baadaye akapigania kudhibitiwa kwa silaha hizo, hakutaka wageni wachoshwe na picha za ukutani. Alikuwa na kompyuta ya analojia ambayo kitabu chake kilieleza jinsi ya kukokotoa mwendo wa risasi, kombora na mpira unaodunda. Akachagua mpira. Akaiunganisha na osiloskopu yenye kioo cha inchi 5, na nukta ya nuru ikaanza kuruka wavu. Watu walipanga foleni.

Hakuomba hataza. Hata angeomba, mmiliki angekuwa serikali, kwa kuwa kazi ilifanyika kwa fedha za umma.

Mwaka 1966 Ralph Baer, mhandisi katika kampuni ya zana za kijeshi ya Sanders, alianza kubuni michezo ya kuchezwa kwenye televisheni ya nyumbani. Hataza zikaombwa. Magnavox ikauza mashine yake, Odyssey, mwaka 1972, ikiwa na tenisi ya mezani. Nolan Bushnell wa Atari aliiona katika maonyesho, akaandika jina lake katika kitabu cha wageni. Mwaka huohuo Atari ikatoa Pong. Kesi ikafunguliwa, na 1976 Atari ikakubali kulipia leseni. Katika miaka ya 1980 Nintendo ilijaribu kuibatilisha hataza kwa kutaja tenisi ya Brookhaven. Ikashindwa: ile haikutumia mawimbi ya televisheni.

Sidhani Baer aliiba chochote. Kinachonisumbua ni kwamba kilichogharimiwa na umma kilikuja kutajwa mahakamani kama hoja tu ya kampuni moja dhidi ya nyingine.

Kompyuta za nyumbani zililegeza fundo hilo kidogo. ZX Spectrum, iliyotoka Uingereza mwaka 1982, ilipowashwa ilimngoja mtumiaji aandike programu. Tenisi nzuri ya kununua ilikuwapo, Match Point ya Psion ya mwaka 1984, katika kaseti. Lakini mtoto mwenye subira aliweza kuandika yake kwa lugha ya BASIC: vijiti viwili, nukta moja, na kanuni ya kudunda. Katika mashine za Pong za nyumbani, mchezo ulifungiwa ndani ya chipu, na mnunuzi aliachiwa kucheza tu.