Swichi ya Siri: Miaka Mia ya Kulinda Gari, kutoka Liuli hadi Miteremko ya Umatengo

Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya kivita ya Waingereza, Gwendolen, iliingia polepole katika ghuba ya Liuli, Ziwa Nyasa, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, hakuwa na habari kwamba Ulaya vita vimeanza, na Kamanda Rhoades aliyekuja kumshambulia alikuwa rafiki yake wa siku nyingi. Mizinga ikalia, Berndt akatekwa, na meli ikaachwa pale pale ufukweni ikiwa haiwezi kusafiri. Waingereza hawakuhitaji kuondoka nayo. Iliwatosha kwamba hakuna mwingine atakayeitumia.

Mwenye Land Rover 109 iliyolala uani kwake Mapera au Mbinga mjini, anapomwomba fundi amfichie swichi ndogo ili injini isishike mikononi mwa mgeni, anafuata akili ile ile. Ukifuatilia jinsi magari yalivyolindwa tangu yalipoingia nchini, utaona makufuli yamesaidia kidogo. Kilichosaidia ni maarifa yaliyobaki kwa watu wachache, ambayo mwizi hawezi kuyavunja kwa nondo. Kwa sehemu kubwa ya karne maarifa hayo yalikuwa ya kijiji kizima. Leo yamebaki ya mtu mmoja na familia yake, na hapo ndipo swichi ya siri inapopata uzito wake.

Mwanzoni hapakuwa na cha kulinda. Ofisa wa jeshi la Ujerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa gari Agosti 1907 akielekea magharibi, akafika Swakopmund katika Namibia ya leo Mei 1909. Gari lilihitaji petroli iliyotangulizwa njiani na watu wa kulivusha mitoni. Ambaye angelichukua asingefika nalo popote. Kusini kwetu hali ilikuwa hivyo kwa miaka mingi baadaye: wamisionari Wabenediktini walikuwa Peramiho tangu 1898, Waanglikana walikuwa mwambao wa Ziwa Nyasa na meli yao Chauncy Maples, na mizigo ilipita majini au vichwani mwa watu.

Kwingineko, magari yalipozidi, wizi nao ulizidi. Mwaka 1919 Wamarekani wawili, St. George Evans na Edward Birkenbuel, walisajili kifaa chao cha kuzuia wizi. Kilikuwa kibao chenye swichi tisa, safu tatu kwa tatu. Mwenye gari alichagua mpangilio wake, na aliyekosea alikuta umeme wa injini umekatika na honi inapiga kelele. Kwa hiyo swichi tunayoifikiria kuwa ujanja wa mafundi wa siku hizi imetimiza zaidi ya miaka mia moja.

Lakini somo lililosambaa kuliko yote lilitolewa Uingereza mwaka 1940. Serikali ya huko iliogopa kwamba askari wa miavuli wa Ujerumani wangetua na kujichukulia magari ya raia, ikaamuru kila gari linaloachwa bila mtu liondolewe uwezo wa kutembea. Njia iliyozoeleka ilikuwa kufungua kifuniko cha distribyuta na kuchomoa rota, kipande kidogo kinachotosha kwenye kiganja na kinachogawa umeme kwa plagi moja moja. Bila rota, injini ya petroli ni chuma tu. Namna hii ya kulinda gari haihitaji waya wala fundi, na sijaona mbinu nyingine iliyo rahisi na ya uhakika kiasi hicho kwa gharama ya sifuri.

Aprili 1948, katika maonyesho ya Amsterdam, kampuni ya Rover ilizindua gari lililobuniwa na Maurice Wilks. Lilikuwa na bodi ya aloi ya alumini, gia za kuvuta magurudumu manne na injini inayofikika kwa mkono. Liliundwa kwa ajili ya mkulima wa Uingereza, lakini makazi yake halisi yakawa barabara kama zetu. Bwana shamba, daktari, padri na mkuu wa wilaya, wote walipanda Land Rover. Usalama wake wa kiwandani ulikuwa hafifu. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na ufunguo mdogo wa kuruhusu umeme na kitufe cha stata pembeni. Funguo zenyewe zilitengenezwa kwa namba chache, hivi kwamba wa gari hili uliweza kuwasha lile. Kufuli la usukani lilikuja na Series III mwaka 1971.

Pamoja na udhaifu huo magari yalilala nje na asubuhi yakakutwa. Umatengo, nchi ya Wamatengo huko Mbinga, ni ya milima na mabonde, yenye mashamba ya ngoro (ya mashimo) na ya kahawa yaliyopandiana kilima baada ya kilima, na barabara ya kuingia ilikuwa moja. Masika njia ya Songea hadi Mbinga, kama kilomita 100 hivi, iliweza kumeza siku nzima, na mteremko wa kwenda Mbamba Bay ulimtisha hata dereva mzoefu. Mwizi angekwenda wapi? Mlio wa gari ulitambulika kabla halijaonekana, na watu walijua kama ni la misheni, la chama cha ushirika au la serikali lenye namba za ST. Juu ya hayo kulikuwa na balozi wa nyumba kumi, mfumo ulioanzishwa na TANU miaka ya 1960, ambaye mgeni asiyejulikana alikuwa hoja yake ya kwanza. Kusini, mpaka wa Msumbiji ulikuwa mpaka wa vita tangu FRELIMO ilipoanza mapambano Septemba 1964, na gari lisilojulikana lilitiliwa shaka na kila mtu. Halafu kulikuwa na utingo, aliyelala ndani ya gari juu ya magunia. Utingo anastahili heshima kubwa kuliko anayopewa katika historia ya usafiri wetu. Ndiye aliyekuwa king'ora, kufuli na mlinzi kwa pamoja.

Hali ya uchumi ilipokuwa ngumu, kati ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na katikati ya 1980, wizi ulibadilika sura. Mafuta yalikuwa haba hata gari binafsi likapigwa marufuku kutembea Jumapili mchana. Spea hazikupatikana. Aliyetaka kuiba hakulitaka gari zima, alitaka betri, matairi au kabureta. Wenye magari wakaanza kulala na betri chumbani na rota mfukoni. Waingereza walifanya hivyo kwa amri ya vita. Huku kwetu uhaba ulitosha kuwa amri.

Kisha milango ikafunguliwa. Biashara huria ilileta magari yaliyotumika kutoka Japani, na Land Rover nyingi za serikali na mashirika zikauzwa mnadani. Wizi nao ukavuka mipaka, kiasi kwamba wakuu wa polisi wa kusini mwa Afrika walipounda umoja wao mwaka 1995, magari ya wizi yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyowaunganisha. Barabara ya Makambako hadi Songea ilikuwa imeshawekwa lami, ikafuata lami ya kutoka Peramiho hadi Mbinga, na baadaye kilomita zaidi ya 60 za Mbinga hadi Mbamba Bay. Hakuna anayetamani kurudi kwenye tope. Mgonjwa anafika hospitali na kahawa inafika sokoni. Lakini lami ilimwondoa mlinzi mmoja wa zamani kimyakimya: gari lililotoka uani saa nane za usiku huweza kuwa limevuka Songea kabla jogoo hajawika.

Wakati huohuo thamani ya magari haya imepanda. Kiwanda cha Land Rover cha Solihull kilitoa Defender ya mwisho tarehe 29 Januari 2016, baada ya uzao mmoja wa gari hilo kufikia zaidi ya milioni 2, na tangu hapo wanaozitafuta za zamani wameongezeka. Oktoba 2024 Arusha ilikusanya mamia kwa mamia ya Land Rover katika tamasha lililolenga kuipita rekodi ya Ujerumani ya mwaka 2018, ambako magari 632 yaliandamana. Wengi walioyatazama magari yale waliona urithi wa nchi. Wapo pia waliohesabu giaboksi, difu na mlango wa alumini, kila kimoja na bei yake.

Ndiyo maana namna ya kuunganisha swichi si jambo la kubahatisha, na katika milima ya Mbinga kuna kosa moja linalorudiwa kuliko mengine: kukata waya wa stata. Dar es Salaam, mahali pa tambarare, kukata waya huo kunaweza kumchelewesha mwizi. Umatengo hakumzuii. Gari limeegeshwa juu ya mteremko. Anaachia hendibreki, anaweka gia ya pili, injini inashika kabla ya kona. Na Land Rover za zamani zina tundu la hendeli mbele, lililowekwa na kiwanda kwa ajili ya kuwasha bila stata kabisa. Kinachopaswa kuzuiwa ni moto wa plagi au mafuta.

Katika injini ya petroli ya lita 2.25, umeme hutoka kwenye ufunguo kwa waya mweupe hadi kwenye koili, kisha kwa waya mweupe wenye mstari mweusi hadi kwenye distribyuta. Mafundi wengi huweka swichi kwenye waya wa kwanza. Inafanya kazi, lakini ina kasoro mbili. Anayejua magari anaweza kuifikishia koili umeme kwa njia nyingine. Kasoro ya pili inamhusu mwenye gari: swichi ikishika kutu, gari linazima lenyewe katikati ya mteremko wa Mbamba Bay, abiria wakiwa nyuma.

Njia bora, kwa maoni yangu, ni ya kutoa tawi upande wa distribyuta na kulipeleka kwenye chasi kupitia swichi. Swichi ikifungwa, pointi hufunguka na kufunga bure kwa sababu umeme umeshapata njia ya kwenda ardhini. Stata inazunguka vizuri na betri ni nzima, lakini injini haishiki hata likisukumwa mteremko mzima. Hata koili ikipewa umeme moja kwa moja kutoka betri, bado haishiki. Na waya wa tawi ukikatika njiani kwa mtikisiko, gari linaendelea kutembea. Unachopoteza ni ulinzi, safari haipotei. Kwa barabara za vijijini tofauti hiyo ni kubwa mno. Tahadhari yake ni moja: swichi ikiwa imefungwa, ufunguo usiachwe umewashwa, maana koili itapata moto.

Dizeli ya zamani ni habari nyingine. Haina koili wala plagi za moto, na ikishashika inaendelea hata betri iking'olewa. Huzimwa kwa kishikio kinachofunga mafuta kwenye pampu. Hapo swichi ya umeme ni mapambo. Kinachofaa ni koki kwenye bomba la mafuta, mahali pasipo wazi. Gari litakwenda kidogo kwa mafuta yaliyobaki, likohoe na kusimama barabarani, likiwa na hewa kwenye mfumo ambayo mtu mwenye haraka hawezi kuitoa gizani. Dizeli za baadaye zenye sumaku ya kuzimia kwenye pampu zinakubali swichi ya waya.

Waya uliofichwa uwe wa rangi ya waya za kiwanda na ufuate njia yao, usining'inie peke yake ukimwita mtu aufuate. Swichi isiwe mahali ambapo goti litaigusa, na iwe ya kuhimili maji, kwa sababu Land Rover huvuja mvua tangu siku ya kuzaliwa. Magari mapya ya Ulaya yamelazimika kuwa na kizuizi cha kielektroniki tangu Oktoba 1998, lakini leo wapo wezi wanaonasa mawimbi ya ufunguo kutoka nje ya ukuta wa nyumba. Land Rover ya mwaka 1965 haina mawimbi ya kunaswa.

Lililobaki ni la watu. Fundi aliyeiweka anajua, kwa hiyo achaguliwe kama anavyochaguliwa msimamizi wa mirathi. Mtu mwingine mmoja katika familia lazima ajue, maana mgonjwa wa usiku hatasubiri baba arudi kutoka shamba. Watu wa gereji wakipewa gari kwa siku mbili, swichi iachwe katika hali inayoruhusu gari kuwaka na pasiwe na maelezo.

Na karatasi zishughulikiwe kabla ya balaa. Katika Land Rover nyingi za Series namba ya chasi imegongwa upande wa kulia mbele, karibu na kishikio cha springi, mara nyingi chini ya matabaka ya rangi na grisi. Isafishwe, ipigwe picha, ilinganishwe na kadi. Magari mengi yaliyotoka mnadani yamebadilishwa injini wakati kadi bado inataja injini ya kwanza, na hilo hurekebishwa TRA. Askari wa kizuizini atakayelisimamisha gari lako usiku wa manane ataangalia namba hizo, na zisipofanana na za kwenye kadi hatakuwa na sababu ya kuliamini neno lako kuliko la aliyekaa kwenye usukani.