Arbuni ya Harusi na Deni la Anayeghairi

Arbuni ni fedha inayotangulizwa ili aliyeipokea asiahidi kwingine. Katika harusi za mijini Afrika Mashariki hudaiwa na mwenye ukumbi, mpambaji, mpishi, mpiga picha na mshereheshaji, na risiti nyingi huandikwa kwamba fedha hiyo hairudishwi. Maneno hayo humlenga mteja anayebadili nia. Hali ya pili, ya mtoa huduma kughairi mwenyewe wakati kadi zimeshasambazwa, mara nyingi haiandikwi popote, ingawa sheria za kale ziliipa uzito uleule, na mara nyingine uliozidi.

Warumi walikuwa na arbuni ya biashara na arbuni ya uchumba. Hii ya pili, ambayo mwanamume aliitoa kwa upande wa mchumba wake, ilishika nguvu katika karne za mwisho za dola yao. Mwanamume aliyevunja uchumba bila sababu ya kukubalika aliikosa. Upande wa mwanamke ukivunja, ulirudisha mara nne ya ulichopokea, mpaka mwaka 472 Kaisari Leo I alipoishusha adhabu hiyo hadi mara mbili. Kifo kilikuwa na kanuni yake: mchumba akifariki, kwa kawaida arbuni ilirudi bila nyongeza, maana hakuna aliyekosea. Mwaka 533 kitabu cha mafunzo ya sheria kilichotolewa na Kaisari Justinian kikaweka mizani hiyohiyo kwa mauzo. Mnunuzi akirudi nyuma hupoteza alichotoa, na muuzaji akirudi nyuma hulipa maradufu.

Wanazuoni wa Kiislamu waliitazama fedha hii kwa jicho kali zaidi. Katika Muwatta ya Imam Malik, aliyefariki mwaka 795, imo hadithi inayokataza biashara ya arbuni, na mfano wake unagusa ununuzi na pia kukodi mnyama wa kupanda: mtu anatoa dinari kwa sharti kwamba asipoendelea, dinari hiyo ni ya mwenye mali. Kwa madhehebu ya Hanafi, Maliki na Shafii, hapo mtu amekula mali ya mwenzake bila kutoa kitu. Imam Ahmad bin Hanbal aliruhusu, akitegemea habari ya nyumba iliyonunuliwa Makka kuwa gereza wakati wa Khalifa Umar: bei dirhamu 4,000, na muuzaji abaki na 400 iwapo Umar hataridhia. Mwaka 1993 Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa, likikutana Brunei, lilikubali msimamo huo kwa sharti kwamba muda wa kusubiri uwe na kikomo. Ubishi wote huu ulihusu mteja aliyeghairi. Mtoa huduma aliyeghairi hakupewa na wanazuoni hao njia ya kubaki na fedha.

Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki ni Mashafii, kwa hiyo fiqhi yao ilimbana mpokeaji kuliko risiti za leo. Lakini suala lenyewe halikujitokeza sana. Kazi za harusi zilikuwa mikononi mwa ndugu, majirani na vikundi vya ngoma. Waliopika pilau kwenye shughuli ya jirani walitegemea kupikiwa zamu yao ikifika, na asiyetokea alilipa kwa kukosa watu siku yake. Kadiri huduma za kukodi zilivyoongezeka, kuanzia vikundi vya taarab hadi kumbi na wapambaji, ndivyo mkataba ulivyochukua nafasi ya ujirani.

Sheria iliyongoja mkataba huo ilitoka Bara Hindi. Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872 ilitumika Zanzibar, Kenya, Uganda na, tangu mwaka 1920, Tanganyika. Haikubeba malipo maradufu ya Warumi. Ilibeba kifungu cha 65: mkataba unapobatilika, aliyenufaika nao arudishe au afidie alichopata. Waandishi wake waliambatanisha mifano, na mmoja ungeweza kuandikwa kwa ajili ya harusi. Mwimbaji amelipwa rupia 1,000 kabla ya onyesho, kisha akaugua asiweze kuimba. Hadaiwi faida aliyoikosa mwajiri wake, ila rupia 1,000 lazima zirudi.

Uingereza kwenyewe, iliyokuwa ikitawala India, jambo hilo halikuwa limenyooka. Mwaka 1884 mahakama ya rufani iliamua kuwa arbuni ni dhamana ya kutimiza ahadi, hivyo mnunuzi wa mali isiyohamishika aliyeshindwa kuendelea akaikosa. Juni 1902 kutawazwa kwa Mfalme Edward VII kuliahirishwa kwa ugonjwa siku mbili kabla ya tarehe iliyopangwa, na waliokuwa wamekodi vyumba vya kutazamia msafara wakakimbilia mahakamani. Mmoja aliyekuwa ametanguliza pauni 100 hakurudishiwa kitu, na mwaka 1904 akaamriwa kulipa na salio, kwa hoja kwamba deni lilikuwa limeiva kabla ya msafara kuahirishwa. Ni hukumu ngumu kuitetea, na bado ilidumu karibu miaka 40. Ilipinduliwa mwaka 1942 katika shauri la kampuni ya Poland iliyolipa pauni 1,000 kwa mashine ambazo vita vilizuia zisifike. Mwaka uliofuata bunge lilitunga sheria inayomruhusu mpokeaji kukata gharama alizokwisha kuingia, mahakama ikiona ni haki. Mwimbaji wa India alikuwa ametangulia kwa miaka 70.

Tanganyika iliandika Sheria yake ya Mikataba mwaka 1961 kwa kufuata ile ya India, na ndiyo inayotumika Tanzania Bara hadi leo. Kifungu cha 65 kimebaki. Cha 73 kinamdai aliyevunja mkataba fidia ya hasara inayotokana moja kwa moja na uvunjaji huo. Kwa mpambaji anayeghairi bila sababu maana yake ni mzigo wa sehemu mbili: arbuni irudi, na juu yake tofauti ya bei ya mpambaji mwingine aliyetafutwa kwa haraka. Maneno ya risiti hayamwokoi kirahisi, kwa kuwa arbuni ni dhamana dhidi ya kosa la aliyeitoa. Hata zawadi za uchumba zina kifungu chao: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu kuzidai ndoa isipofungwa, ikiwa zilitolewa kwa sharti la ndoa. Machozi na aibu ni vigumu zaidi kuvipimia bei, ingawa mahakama moja ya Glasgow iliwahi kumpa bibi harusi pauni 30 za masikitiko kwa sababu mpiga picha hakutokea.

Malipo maradufu hayakufa. Yamo katika sheria za kiraia za Ufaransa na Misri, na kwa majirani wa kaskazini yamo katika Sheria ya Kiraia ya Ethiopia ya mwaka 1960, kifungu cha 1885. Nchini Kenya, ambako sasa madai ya aina hii huamuliwa kwa misingi ya sheria ya Uingereza badala ya ile ya India, kilichobadilika ni njia ya kuyafikisha: tangu mwaka 2021 Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60.