Marere, Zambarau ya Pwani

Sisi tukaao Kemondo, kando ya Ziwa Viktoria, twaona juu ya mawe na magome ya miti kitu kikavu cha kijivu, kishikamanacho kama ukoga. Watoto hukibandua kwa kucha, wala hakuna aulizaye ni nini. Kumbe wataalamu wametambua ya kuwa si mmea mmoja, bali ni kuvu na mwani waishio pamoja.

Ukoga wetu hauna mnunuzi. Lakini pwani, penye umande wa bahari, iko namna nyingine, ining'iniayo matawini kama ndevu, nayo Waswahili waliiita marere. Katika karne ya 19 marere yalikusanywa, yakapakiwa Unguja pamoja na pembe za ndovu na sandarusi, yakapelekwa Ulaya.

Huko yalisagwa, yakalowekwa katika mkojo uliochacha, yakakorogwa siku nyingi, hata yakageuka zambarau. Tusomapo habari za Lidia, mwuza zambarau, twakumbuka ya kuwa rangi hiyo ilikuwa mali. Iliyo bora ilitoka katika konokono wa baharini, nayo ilikuwa ghali mno. Ya marere ilikuwa rahisi zaidi, ijapokuwa hupauka juani. Hata hivyo, katika mji wa Florence, Italia, ukoo wa Rucellai ulitajirika kwayo zamani, hata ukapata jina lake kwayo.

Basi mwaka 1856, huko London, kijana wa miaka 18, William Henry Perkin, alijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya homa, kwa vitu vitokavyo katika lami ya makaa ya mawe. Dawa hakuipata, alipata zambarau. Wenye viwanda hawakuyaacha marere mara moja, lakini rangi za namna ile zilizidi kuwa nyingi na rahisi, hata biashara ya marere ikafifia. Mwokotaji wa pwani hakukosa neno. Riziki yake ilikatwa ndani ya chupa asiyoiona.

Nasi tuna kahawa. Babu zetu waliitafuna kabla mgeni hajaja kuinunua, lakini bei yake leo huamuliwa mbali. Tuilime kwa bidii, ila tusing'oe migomba kwa ajili yake. Mnunuzi akigeuka, kibanja chenye ndizi kitatulisha.